Ana Mfereji Jikoni, Foleni Anapanga Mathare

Saa moja asubuhi, mitungi kumi na minne imekwisha kujipanga mbele ya kioski cha maji cha Mzee Mativo, Mathare, kama waumini wanaongoja kanisa lifunguliwe. Kuna ya manjano, kuna iliyokuwa myeupe ikageuka kahawia, kuna mmoja uliozibwa kwa gunzi la mahindi. Wa mwisho kabisa ni wa buluu.

Mwenye mtungi wa buluu ameketi juu ya jiwe, kitambaa kichwani, viatu vya mpira vimejaa vumbi, daftari limefunguliwa magotini. Kila anayefika na mtungi wake, mama huyu anausogeza wa kwake nyuma. Hana haraka na maji.

"Mama wa Tena!" anaita mwanamume anayekuja mbio, mtungi begani. Huyu ni Opicho, mchukuzi wa mizigo, na mtaani anajulikana kwa mdomo. "Kwani huko mtaa wa Tena maji yamekatika?"

"Hayajakatika."

"Mfereji umeharibika?"

"Mzima. Ukiufungua unatoa kama ng'ombe wa gredi."

"Sasa hapa umefuata nini?"

"Nimewafuata nyinyi."

Foleni nzima inacheka. "Amekosa wa kugombana naye huko!" anasema mmoja. Mama naye anacheka, lakini kalamu yake haijasimama. Amemtazama Opicho kuanzia kichwani hadi miguuni, akaandika mstari mmoja.

Anaitwa Triza Nakhumicha. Ana miaka arobaini na minane, ni mjane, na shule aliishia darasa la saba. Mkate wake ni cherehani ya mkono: anapunguza suruali, anatia zipu, anashona mifuko iliyotoboka. Lakini wasomaji wa Jirani Mwema, gazeti dogo la kanisa linalotoka kila mwezi, wanamjua kwa kazi nyingine. Kwa miaka minne ukurasa wa nane ulikuwa wake. Kila mwezi hadithi moja, malipo shilingi mia tatu, na nakala mbili za bure.

Ulikuwa wake, maana toleo la Februari mwaka huu wa 1996 lilitoka bila hadithi yake. La Machi pia. Na leo, Alhamisi hii ya mwisho ya Machi, amebakiwa na siku moja. Kesho saa sita mchana, asipopeleka kitu, ukurasa wa nane utapewa mtu wa mafumbo ya maneno.

"Bwana Gichuru si mtu mbaya," anasema juu ya mhariri wake. "Aliniambia, Mama, ukurasa ni kama shamba. Wewe ukilala, magugu hayalali."

Kuandika kwake hakukuanzia kwenye ndoto wala kwenye kipaji cha utotoni. Kulianzia kwenye vita vya maji.

Mwaka wa 1987 Nakhumicha alikuwa akiishi hatua hamsini kutoka kioski hiki, yeye na mwanawe Nabiswa, katika chumba kimoja cha mabati. Siku moja wanawake wawili walipigana foleni hadi leso zikachanika, kila mmoja akidai mtungi wake ndio uliotangulia. Mzee Mativo, mtu wa Kitui asiyependa kelele, akatafuta mtu wa kutunza foleni.

"Nilitaka mtu mwenye mwandiko na asiye na upande," anakumbuka mzee huyo. "Huyu mama alikuwa anakaa kimya anatazama. Nikamwambia, dada, chukua daftari. Malipo yako ni mtungi mmoja wa maji kila siku, bure."

Mathare mtu haongoji na mtungi wake. Anauacha kwenye mstari, anaenda kutafuta kibarua au kuwasha jiko, na mtungi unamngojea. Kila mmoja una alama: utepe, rangi, kizibo. Nakhumicha akawa anaandika alama hizo moja baada ya nyingine, na aliyetaka kuruka foleni alisomewa daftari.

Tatizo likawa utepe mweusi. Mitungi mitatu ilikuwa na utepe mweusi, na wenyewe wote walikuwa wanaume warefu. Ili asiwachanganye, akaongeza neno kando ya kila mmoja. "Utepe mweusi, mwenye kikohozi." "Utepe mweusi, anaimba chini chini." "Utepe mweusi, harusi Jumamosi."

"Nikaona mkono umezoea," anasema. "Hata mwenye alama isiyofanana na ya mtu, nikawa namwekea neno lake. Kila mtu na mstari wake. Nikamwandika Mama Vivian, mtungi wa gunzi, leo hacheki. Sikujua kwa nini naandika. Niliona tu hacheki."

Kesho yake mtungi wa gunzi haukuja foleni, wala mwenyewe hakuonekana. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Nakhumicha alifunga daftari akaenda kugonga mlango. Alimkuta Mama Vivian ana homa ya siku tatu, hana wa kumpa hata uji, na Vivian mwenyewe akiwa mtoto wa miaka minne tu.

Mama Vivian alipona. Ule mstari ukabaki ukimsumbua Nakhumicha kama mbegu ya pera jinoni. Ilipita miaka kabla hajathubutu, lakini mwaka wa 1992, kanisani, lilisomwa tangazo kwamba Jirani Mwema linataka visa kutoka kwa waumini. Akarudi nyumbani, akatafuta lile daftari la zamani, akaandika kurasa nne. Gunzi aliligeuza kizibo cha chupa ili mtu asimtambue mwenyewe.

Foleni nzima ilimtambua.

"Mimi nilimfuata," anasema Mama Vivian, ambaye asubuhi hii ndiye mwenye namba nne, na mtungi wake bado umezibwa kwa gunzi. "Nikamwambia, Triza, umeandika nilikuwa nimelala chini. Mimi nilikuwa kitandani. Sahihisha!"

Tangu siku hiyo kazi ikashika njia yake. Asubuhi, foleni na mistari. Mchana, cherehani. Alasiri, kabla ya kuwasha jiko, anasoma mistari ya siku na kuchagua mmoja unaomkataza kufunga daftari. Huo ndio anaushona hadi uwe hadithi. Anaanza kwa sala fupi, na Jumapili haandiki. Ana maneno yake juu ya hilo: "Anayenipa watu wa kuwatazama naye anataka siku yake."

Wengine walimwonea huruma. Hadithi nzuri hivi, walisema, zinaandikwa kwenye kelele, tope na nzi! Je, angepata utulivu?

Utulivu ulikuja Desemba iliyopita. Nabiswa, ambaye sasa ni dereva wa lori la kiwanda cha sabuni, alipanga nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Tena. Ina saruji sakafuni na mfereji jikoni. Alimnunulia mama yake meza ya mbao ya mvule, akaiweka chini ya dirisha, akaitandikia kitambaa.

"Nikamwambia, Mama, umechota maji ya kutosha," anasema Nabiswa. "Sasa keti uandike mpaka uchoke."

Mama akaketi.

"Nikaomba. Nikaandika tarehe. Nikaipigia mstari chini. Nikaipigia mstari wa pili," anasimulia Nakhumicha, na hapo anacheka kwa aibu. "Jioni nilikuwa na tarehe nzuri sana."

Alijaribu kila aliloambiwa. Aliamka mapema. Aliketi saa ileile kila siku. Alisoma kitabu cha Ruthu mara tatu, akafurahi, lakini Ruthu alikuwa amekwisha kuandikwa. Mwishowe, Januari ikielekea ukingoni, alibuni tajiri mmoja wa ng'ambo aliyepotelewa na pete, akampelekea Bwana Gichuru.

Mhariri alisoma yote akiwa amesimama. Kisha akamrudishia karatasi. "Mama Triza," akasema, "huyu mtu wako hana viatu."

"Ni tajiri, Bwana Gichuru. Ana viatu vingi."

"Basi mimi sivioni. Watu wako wote wa zamani niliona viatu vyao."

Alirudi Tena amejiinamia. Usiku hakumwambia mwanawe. Angemwambiaje? Meza ile Nabiswa aliilipia miezi mitatu. Kumwambia kijana kwamba nyumba nzuri imemkausha mama yake ni kama kumrudishia zawadi usoni.

Februari ikapita. Machi ikaelekea kwisha. Siku nyingine alishinda akipiga pasi nguo ambazo zilikuwa zimepigwa. Alianza kuamini kwamba Mungu alimwazima kitu, na sasa amekichukua.

Kisha ikaja jana Jumatano, asubuhi, saa ya kuosha vyombo. Alikinga sufuria chini ya mfereji, ikajaa, akaiondoa, na bila kufikiri akapaza sauti:

"Anayefuata!"

"Niligeuka nyuma," anasema. "Hakuna mtu. Ni mimi na sinia, linangoja kuoshwa. Nikasimama pale maji yanamwagika. Nikasema, Triza, kumbe hukukauka. Umepungukiwa na watu."

Leo saa kumi na moja alfajiri alichukua mtungi wa buluu, mtupu, akaondoka kwa miguu. Karibu saa mbili za kutembea, kufuata barabara ya Outering, kupita Kiamaiko mbuzi wakishushwa kwenye malori, hadi Mathare. Kwa nini mtungi, na haji kuchota? "Utaendaje foleni mikono mitupu? Watasema umekuja kupeleleza."

Lakini foleni aliyoiacha si foleni aliyoikuta. Tangu ahame, Mzee Mativo anaandika namba kwa mkaa ubavuni mwa kila mtungi, kadiri wenyewe wanavyofika. Daftari hakuna. Amefika Opicho na mzee amempa kumi na nne.

Saa mbili kasorobo, maji yakikaribia kufunguliwa, kelele zinalipuka mbele. Mtungi wa Opicho umesogea hadi karibu na bomba. Ubavuni, palipokuwa na 14, sasa pana 4 tu.

"Wewe wa nne?" Mama Vivian ameshika kiuno. "Nne ya lini? Nne ni mimi!"

"Soma mwenyewe, mama. Mkaa haudanganyi."

"Mkaa haudanganyi, ni wewe! Moja imeenda wapi?"

"Labda ni umande."

"Umande umefuta moja ukaacha nne? Umande umesoma shule gani?"

Watu wanacheka, lakini ni kicheko chenye meno. Mmoja amekwisha kuutupa mtungi wa Opicho pembeni. Mzee Mativo anatazama huku na huku, kisha macho yake yanamwangukia mama aliyeketi juu ya jiwe.

"Dada Triza, wewe ulikuwapo. Umeandika?"

Nakhumicha hataki. Amekuja kama mgeni, na mgeni hahukumu. Lakini mzee anangoja. Anasoma taratibu: "Opicho, utepe mweusi. Amekuja wa kumi na nne, anakimbia. Shati amelivaa ndani nje. Kamba za viatu hazijafungwa."

Kila mtu anamgeukia Opicho. Kweli, mishono ya shati iko nje, na mfuko wa kifuani umefichika kwa ndani. Kicheko kinapaa hadi kwenye mabati. Opicho, mtu wa kucheka wenzake, anajitazama na hacheki.

Nakhumicha naye hacheki. "Opicho, ndugu yangu," anauliza kwa sauti ya chini, "ni kitu gani nyumbani?"

Mwanamume huyo anafuta uso kwa kiganja. "Nimeifuta mimi ile moja. Kwa kidole gumba. Mungu anisamehe. Mama watoto amejifungua alfajiri. Mkunga anataka maji na ndani hakuna hata kikombe."

"Na husemi?" Mama Vivian anapiga makofi ya mshangao. "Unaiba foleni na una mtoto mchanga? Ungesema tu!"

"Wawili tumewazika, mama. Wote kabla ya wiki kwisha. Wote niliwatangaza siku ileile, nikanunulia watu chai. Huyu nimeapa simtaji mpaka kitovu kianguke." Anatazama chini. "Na sasa nimemtaja."

Mama Vivian anauinua mtungi wa Opicho kule ulikotupwa, anaupangusa vumbi kwa leso yake, na kuuweka mbele ya mitungi yote. "Sisi hatujasikia kitu," anawaambia wenzake. "Au kuna aliyesikia?"

"Hakuna!" foleni inajibu.

Maji yanafunguliwa. Opicho anakinga wa kwanza, na mwenye namba moja anampa na wa kwake pia.

Kabla hajaondoka anamsogelea Nakhumicha. Anajua kazi yake. "Umeniandika?"

"Mstari mmoja. Naomba ruhusa ya iliyobaki."

"Miaka tisa nimepanga foleni hii, hujaniweka hata kwenye koma. Leo nimevaa shati ndani nje, ndiyo umeniona?"

"Leo umeonekana."

Opicho anatikisa kichwa. "Kitovu kianguke kwanza, mama. Hapo andika hata na jina langu."

Hadithi ilikuwa imekuja, nzima, ina mwanzo na mwisho, na viatu vyake havijafungwa. Gazeti linangoja kesho. Mwandishi mwingine angebadilisha utepe mweusi ukawa mwekundu, akaandika, na nani angemlaumu? Nakhumicha alijibu neno moja tu. "Sawa."

Alibeba mtungi wake mtupu akarudi Tena kwa miguu. Njiani, anasema, hakuwa na hofu tena. Alikuwa amenyimwa hadithi moja, lakini mkono ulikuwa umeamka. Daftarini mlikuwa na mistari ishirini na moja.

Alasiri aliketi kwenye meza ya mvule. Hakuandika juu ya Opicho. Aliandika juu ya mama aliyehamia nyumba nzuri, akafungua mfereji wa jikoni, akaita anayefuata. Alimaliza kabla ya kiza. Nabiswa aliporudi kazini akamkuta mama yake anasoma kwa sauti, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi hadi mwisho.

"Kwa hiyo ni nyumba yangu iliyokuharibia kazi?" akauliza.

"Si nyumba, baba. Ni mimi niliyedhani hadithi inazaliwa mezani. Inazaliwa kule. Mezani ndipo inapooshwa na kuvishwa."

Nabiswa aliitazama meza. "Basi meza ibaki?"

"Meza ibaki. Tena unitafutie viatu vya kutembelea."

Ijumaa, saa tano na nusu, Bwana Gichuru alisoma zile kurasa tano akiwa amesimama, kama kawaida yake. Katikati alivuta kiti akaketi. Alipofika mwisho alisema neno moja: "Sinia." Alikuwa ameliona lile sinia. Mtu wa mafumbo ya maneno akaambiwa atafutiwe ukurasa wa kumi.

Nakhumicha anasema alitoka ofisini humo akaenda moja kwa moja kanisani, akapiga magoti, na asijue aseme nini. "Nilipumua tu. Nadhani Mungu alielewa."

Sasa ana utaratibu mpya. Jumanne na Alhamisi anakwenda Mathare, na Mzee Mativo amezima mkaa wake. Kwa siku hizo mbili daftari ni la Nakhumicha. Siku zilizobaki analitunza Mama Vivian, ambaye mwandiko wake ni wa kupanda milima lakini macho yake hayapitwi. Wiki jana aliandika: "Utepe wa kijani, amenyoa ndevu, kuna kitu."

Huko Tena nako ameacha kujifungia. Siku ambazo haendi foleni, cherehani anaitoa nje, anaiweka langoni, na kila anayeleta suruali anapata mstari wake. "Kumbe hata wenye mifereji wana habari," anasema. "Ila wao hawaziachi njiani. Lazima uketi."

Mipango anayo. Amenunua daftari nene la jalada gumu, kurasa mia mbili, na anataka kulijaza hadithi moja ndefu: habari ya kioski kimoja cha maji na watu wake, kuanzia zile leso zilizochanika. Bwana Gichuru ameahidi kuisoma. Amempa mwaka mzima, naye Nakhumicha amejipa hadi Pasaka ijayo.

Jumanne hii tuliyomkuta tena foleni, Opicho alikuja polepole, shati limepigwa pasi, mtungi wenye utepe mweusi umening'inia kidoleni. Aliuweka mwisho wa mstari bila kugombana na mtu. Kisha akakohoa hadi watu wote wakamtazama.

"Kitovu kimeanguka," akatangaza. "Ni msichana. Ananyonya kama anayemdai mama yake."

Vigelegele vikapigwa hadi wauza mboga wa ng'ambo ya mto wakasimama kutazama. Mama Vivian akauliza jina.

"Mke wangu ni Mbukusu, na kwao mtoto hupewa jina la msimu, na huu ni wa kupanda," Opicho akajibu. "Kwa hiyo anaitwa Nakhumicha." Akamgeukia yule mama wa juu ya jiwe, akamnyoshea kidole. "Na wewe usivimbe kichwa! Si wewe, ni msimu."

"Nimesikia, baba Nakhumicha."

"Sasa andika. Shati, viatu, kila kitu. Hata ile moja niliyoifuta."

Aliandika. Foleni ilipokwisha na mitungi yote imekwenda zake, ulibaki mmoja tu pale mbele ya bomba, wa buluu. Mzee Mativo akauliza kama aujaze, walau leo. Mama akakataa. Njia ni ndefu, na maji anayo nyumbani.

Akafungua daftari mara ya mwisho na kuongeza mstari chini ya mingine yote: "Nakhumicha mkubwa, mtungi wa buluu, hauna kitu. Leo anacheka."